Shajara ya mradi: kipangaji cha kazi kinachopimwa kwa mistari ya kache

Mradi ni kerneli ndogo (sehemu ya msingi ya mfumo endeshi) ya AArch64, usanifu wa ARM wa biti 64, inayoendeshwa kwenye Raspberry Pi 4. Shajara hii inahusu sehemu moja tu: kipangaji, yaani msimbo unaoamua kazi ipi ishike prosesa na ipi isubiri. Msimbo wenyewe ni mfupi. Kinachokula muda ni kungoja data itoke kwenye memori, ndiyo maana kila badiliko hapa chini linahojiwa kwa swali lilelile: njia hii inagusa mistari mingapi ya kache? Kache ni memori ndogo ya haraka kando ya prosesa, na mstari ni kipande chake kimoja kinachoingizwa kwa mpigo.

Mashine kwanza. BCM2711, chipu ya bodi hiyo, ina viini (prosesa ndani ya chipu moja) vinne vya Cortex-A72 vya 1.5 GHz. Kila kiini kina kache ya data ya L1 (ya kwanza, ya karibu zaidi) ya KiB 32 (KiB 1 ni baiti 1,024), njia 2, mistari ya baiti 64. Kila anwani ina seti moja tu ya kukaa, na idadi ya njia ndiyo idadi ya mistari ambayo seti hushika. Ukigawanya unapata mistari 512, seti 256, na kila njia ina ukubwa wa KiB 16. L2, kache ya pili, ni MiB 1, njia 16, seti 1,024, na viini vyote vinne vinaichangia. L3 haipo, ukikosa L2 unakwenda RAM. Hiyo KiB 16 ndiyo namba ya kuitazama kwa jicho kali, kwa sababu anwani mbili zilizoachana kwa KiB 16 huangukia seti moja ya L1, na seti ina nafasi mbili tu.

Mipaka tuliyojiwekea: kazi zisizozidi 256, ngazi 64 za kipaumbele, zamu za mzunguko ndani ya ngazi moja, taima kila milisekunde 1. Mpangilio wa ngazi na ramani ya biti (biti moja kwa kila ngazi, huwaka ngazi ikiwa na kazi) si mgeni. Kipangaji cha Ingo Molnár katika Linux 2.6 kilikuwa na ngazi 140 za aina hiyo, mpaka kipangaji cha CFS kiliposhika nafasi yake katika toleo 2.6.23 mwaka 2007. Tangu toleo 6.6 la 2023 ni zamu ya kipangaji cha EEVDF. CFS na EEVDF zinatumia mti mwekundu-mweusi (mti wa data unaojisawazisha) kwa kuwa zinagawa muda kwa haki kulingana na uzito wa kila kazi. Sisi tunataka kipaumbele kisicho na mjadala, kwa hiyo mti hautusaidii. Hata ndani ya Linux yenyewe, kazi za wakati halisi bado zinapangwa kwa ramani ya biti na foleni 100.

Vipimo

Vihesabu vya prosesa lazima viaminike kabla ya kugusa chochote. A72 ina vihesabu sita vya matukio na kimoja cha mizunguko. Tunatumia viwili vya matukio: 0x03, mistari inayoingizwa L1 ya data, na 0x17, mistari inayoingizwa L2. Namba hizo zinaandikwa kwenye rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) PMEVTYPER0_EL0 na PMEVTYPER1_EL0, kisha zinawashwa biti 0, 1 na 31 za PMCNTENSET_EL0 (31 ni ya mizunguko), mwisho biti E ya PMCR_EL0. Weka ISB (amri ya kungoja zilizotangulia ziishe) kabla ya kila usomaji, la sivyo prosesa husoma kihesabu wakati kazi unayoipima haijakwisha. Interapti (miito ya vifaa inayoikatiza prosesa) zifungwe, na gharama ya kipimo kitupu iondolewe kwenye jibu. Usitarajie namba ileile kila mara: A72 husoma kwa kubahatisha mbele ya matawi, na usomaji huo nao huingiza mistari. Chukua kiwango cha chini kabisa na mtawanyiko, usiridhike na wastani.

Bodi hii ina mitego yake. MMU (sehemu inayotafsiri anwani za memori) ikiwa imezimwa, usomaji wote wa data huchukuliwa kama wa kifaa na haupiti kwenye kache, hivyo kipimo chochote unachopata hakina maana. LDXR na STXR, amri za kusoma na kuandika zinazojengea kufuli, nazo hazitegemeki katika hali hiyo. Biti SMPEN ya CPUECTLR_EL1, inayofanya kache za viini zikubaliane, inatakiwa iwashwe kabla ya kache. Stub (msimbo mdogo wa kuwasha) ya kawaida ya Raspberry Pi inafanya hivyo, lakini anayeandika yake mwenyewe akaisahau ataona viini vikisoma thamani tofauti za neno moja, na kwa mtazamo wa kwanza atadhani kufuli lake (kinachozuia viini viwili visiandike pamoja) ndilo bovu.

Kisha kuna joto. Firmware (programu ya ndani ya bodi) huanza kupunguza kasi ya viini nyuzi 80 za Selsiasi, na mchana wa Dar es Salaam bila feni huo si mbali. Tumeweka `arm_freq=1500` na `force_turbo=1` katika config.txt, feni ikiwa inazunguka. Asidhani mtu kwamba kuhesabu kwa mizunguko badala ya nanosekunde kunamwokoa: RAM haipungui kasi pamoja na kiini, kwa hiyo kiini kikipungua kasi, gharama ya kukosa kache huonekana ndogo kuliko ilivyo.

Mtego mkubwa kuliko yote ni kupima kwa kitanzi. Ukiita kipangaji mara milioni mfululizo, kila kitu chake kinakaa L1 na muundo wowote unaonekana mzuri. Katika maisha yake halisi kipangaji huitwa baada ya kazi nyingine kufagia L1 yote kwa data yake. Kwa hiyo tunapima hali tatu: moto (hakuna kilichofagiwa), vuguvugu (kati ya miito tunasoma eneo la KiB 64, L1 inakwisha ila L2 inabaki) na baridi (tunasoma MiB 2). Uamuzi wote katika shajara hii umetokana na vuguvugu. Baridi hutumika kama angalizo, na moto hautumiki kabisa.

Toleo 0.1: orodha moja, na kazi ya 65

Tulipoanzia ni mahali wanapoanzia wengi. Kila kazi inapewa bloku ya KiB 16: rekodi ya kazi chini, steki (memori ya muda ya kazi) ikishuka kutoka juu. Linux 2.4 kwenye i386 ilifanya hivyohivyo kwa bloku za KiB 8. Kazi zilizo tayari zimeungwa kwa vielekezi (anwani za memori) katika orodha moja, na kipangaji kinaipitia yote kikitafuta kipaumbele kikubwa zaidi.

Kasoro ambayo kila mtu anaitaja ni kwamba upitiaji unakua sawasawa na idadi ya kazi. Ni kweli, lakini kazi 20 si kitu kwa prosesa ya 1.5 GHz. Kilichotuumiza ni mahali rekodi zilipokaa. Bloku zote zimeanza kwenye kizidisho cha KiB 16, kwa hiyo uga wa kipaumbele wa kila kazi uko seti ileile ya L1. Nafasi mbili, kazi 20: kila hatua ya upitiaji inakosa L1, hata kama mistari mingine 510 haina mwenyewe. Na L2 je? Huko njia moja ni KiB 64, hivyo bloku zinagawana seti 4 zenye njia 16, jumla mistari 64. Bloku zikiwa zimepangana mfululizo kwenye memori, kazi ya 65 inaanza kusukuma wenzake hadi RAM, wakati L2 ya MiB 1 iko karibu tupu.

Hili ndilo linalofichwa na uchambuzi wa karatasini. Orodha ya vitu 65 na orodha ya vitu 60 zina ugumu uleule wa hesabu, ila moja inaishi L2 na nyingine inaishi RAM.

0.2: kutenga cha moto na cha baridi

Rekodi ya zamani ilikuwa na kila kitu ndani yake: jina la kazi, faili zilizofunguliwa, takwimu, mzazi, ishara zinazosubiri. Katika kubadili kazi vinahitajika vichache mno. Tumeigawa mara mbili. Sehemu ya baridi imebaki chini ya bloku. Sehemu ya moto imehamia kwenye jedwali moja la rekodi 256, kila moja baiti 64 kamili:

```c
struct kazi_moto {
    uint64_t sp; /* kilele cha steki ya kerneli   */
    uint64_t ttbr0; /* jedwali la kurasa             */
    uint64_t tpidr;
    uint64_t muda_jumla;
    uint64_t aliamka;
    void    *vekta; /* rejista V0-V31, au NULL       */
    struct kazi_baridi *baridi;
    uint32_t zamu; /* kilichobaki kwenye zamu       */
    uint8_t  ngazi, hali, kiini, bendera;
} __attribute__((aligned(64)));
_Static_assert(sizeof(struct kazi_moto) == 64, "mstari 1");
```

Jedwali zima ni KiB 16, sawa na njia moja ya L1. Maana yake hakuna rekodi mbili za moto zinazogombea seti moja.

Ilikuwepo hoja ya kuibana rekodi hadi baiti 32, mbili katika mstari mmoja. Jedwali lingekuwa KiB 8. Tumeikataa kwa sababu `muda_jumla` na `zamu` huandikwa kila taima inapopiga. Kazi namba 6 ikiendelea kwenye kiini 0 na namba 7 kwenye kiini 3, mstari wao mmoja ungehamahama kati ya viini kila milisekunde pasipo sababu yoyote ya kimantiki. Kwa mashine ya kiini kimoja baiti 32 ndizo sahihi, na asituige mtu anayeandikia kidhibiti kidogo.

Ile `_Static_assert`, inayokataza msimbo kujengwa ukubwa ukibadilika, si pambo. Mtu akiongeza uga mmoja wa baiti 8, `aligned(64)` inaikuza rekodi hadi baiti 128 kimyakimya, jedwali linakuwa KiB 32, na hakuna kinachovunjika isipokuwa kasi.

0.3: foleni 64 katika mistari sita

Foleni za kawaida zingekuwa na kielekezi cha kichwa na cha mkia kwa kila ngazi: baiti 16 × 64 = baiti 1,024, mistari 16, na kiungo cha kila kazi kingekaa ndani ya rekodi yake. Kuingiza kazi mkiani kungegusa rekodi ya kazi iliyotangulia, ambayo kwa wakati huo haina haja yoyote ya kuwa kwenye kache.

Kazi ni 256, basi namba ya kazi inatosha katika baiti moja. Viungo vinatoka kwenye rekodi na kuwa safu ya baiti 256. Tena foleni ikiwa ya duara, kichwa hakihitaji kuhifadhiwa: kinachofuata baada ya mkia ndicho kichwa. Hivyo mikia ya ngazi zote 64 inakaa katika mstari mmoja kamili.

```c
struct foleni {
    uint64_t ramani; /* biti 63 ni ngazi 0 */
    uint8_t  inayoendelea, badilisha;
    uint8_t  nafasi[54];
    uint8_t  mkia[64];
    uint8_t  fuata[256];
} __attribute__((aligned(64)));   /* baiti 384, mistari 6 */

static inline unsigned chagua(const struct foleni *f)
{
    unsigned n = __builtin_clzll(f->ramani);
    return f->fuata[f->mkia[n]];
}
```

Kuchagua: mistari 3. Kuingiza au kutoa: mistari 4 kwa wingi wake, kwa kuwa viungo viwili vinaweza kuwa kwenye mistari tofauti ya `fuata`. Kuzungusha zamu ndani ya ngazi ni kuandika baiti moja, `mkia[n] = fuata[mkia[n]]`, kwa sababu kazi inayoendelea haitolewi kwenye foleni; inabaki kichwani mpaka ilale. Hilo pia linatupa bure tabia inayotakiwa: kazi iliyopokonywa na yenye kipaumbele kikubwa inarudi ikiwa bado ya kwanza katika ngazi yake.

Ngazi 0 imewekwa biti 63 makusudi. A64, lugha ya amri ya prosesa hii, ina CLZ ya amri moja, inayohesabu sifuri za juu. Kutafuta biti ya chini kungehitaji RBIT (kupindua mpangilio wa biti) kwanza. Lakini `__builtin_clzll(0)` haina jibu linalodhaminiwa na kompaila ya GCC, hata kama CLZ yenyewe hurudisha 64. Kazi tulivu (inayoendeshwa pasipo nyingine) ya kila kiini imekaa ngazi 63 na haiondoki, kwa hiyo ramani haiwi sifuri kamwe. Kazi tulivu zote nne zinatumia namba 0, maana kila kiini kina safu yake ya `fuata`. Namba 0 haina rekodi moja ya pamoja, ina nne, na hilo lina tawi lake dogo katika msimbo wa kubadili kazi.

Gharama ipo. Kutoa kazi iliyo katikati ya foleni, mathalani ikiuawa au ikibadilishiwa kipaumbele, kunahitaji kulizunguka duara kumtafuta aliyetangulia. Tumelikubali: ni tukio la nadra, na hata foleni ndefu kiasi gani, duara lote liko ndani ya mistari minne.

Jambo moja la kompaila limetusumbua. Kwa C, `uint8_t` kwa kawaida ni `unsigned char`, na aina hiyo inaruhusiwa kuangalia kitu chochote. Kila ukiandika `fuata[i]` kupitia kielekezi, GCC inalazimika kudhani huenda umegusa nyuga za rekodi nyingine zilizosomwa kabla, na inazisoma upya. Dawa ni kuchukua `ngazi`, `sp` na `ramani` katika vigezo vya ndani mwanzoni, kufanya kazi, na kuandika mwishoni. Soma matokeo ya `objdump -d`. Amri za LDR zilizojirudia zinaonekana wazi.

0.4: kuvuta mapema, mahali panapofaa

`chagua` ina usomaji tatu unaotegemeana: ramani, halafu mkia, halafu kiungo. Katika hali ya vuguvugu kila mmoja unakosa L1 na hauwezi kuanza kabla uliotangulia haujarudi. Ila anwani za mistari sita zinajulikana tangu mwanzo. Kinachotegemea ni baiti ipi ndani yake. Kwa hiyo mlango wa interapti ya taima unatoa PRFM PLDL1KEEP (amri ya kuvuta mstari hadi L1 mapema) kwa mistari yote sita kabla ya kuhifadhi rejista, na mpaka uhifadhi uishe mistari inakuwa njiani au imefika.

Kuvuta mapema kuna sifa mbaya, na si bure. Linux ilikuwa na amri hizo ndani ya makro za kupitia orodha mnyororo ikaziondoa mwaka 2011, kwa kuwa orodha nyingi ni fupi na kwenye x86 kuvuta kielekezi cha mwisho, NULL, kuligharimu utafutaji mzima wa TLB (kache ya tafsiri za anwani). Tofauti ni kwamba pale anwani inayovutwa hupatikana sekunde ileile inapohitajika, hivyo hakuna muda wa kuokoa. Hapa inajulikana mapema na haibadiliki. Tulijaribu pia kuvuta rekodi ya moto ya kazi inayotarajiwa kufuata. Imeondolewa, kwani haikuonekana kwenye vihesabu.

0.5: steki, ambako faida kubwa ilikuwa imelala

Baada ya 0.3 hesabu ya karatasi ilisema kubadili kazi kuguse mistari michache, lakini kihesabu cha 0x03 kilibaki juu kwa namna ambayo foleni haikuweza kuieleza. Zaidi ya hapo, kilibaki juu hata katika hali ya moto, kazi zikiwa tatu tu zinapokezana. Kazi mbili, kilitulia. Kazi tatu, kilipanda. Mtu akiona mpaka wa aina hiyo kwenye kache ya njia 2 asitafute mbali.

Rejista zinahifadhiwa kwenye steki ya kerneli. Fremu ya interapti ina x0 hadi x30, ELR, SPSR na SP_EL0: rejista 34, baiti 272. Kubadili kazi kunaongeza x19 hadi x30, baiti 96. Jumla 368, mistari 6, bila kuhesabu fremu za C zilizo katikati. Steki zote zinaanzia juu ya bloku zenye mpangilio wa KiB 16, kwa hiyo mistari hiyo 6 ya kazi zote iko kwenye seti zilezile sita. Steki mbili zinatosha humo. Ya tatu inamtoa wa kwanza, wa kwanza akirudi anamtoa wa pili, na mzunguko unaendelea. Kugawa rekodi kuliokoa uga wa kipaumbele. Steki ziliachwa palepale.

Suluhisho ni kuzipaka steki rangi, yaani kuzianzisha nafasi tofauti ndani ya bloku, kama kigawa memori cha slab cha Jeff Bonwick kilivyofanya kwa vitu vya kerneli katika Solaris 2.4 mwaka 1994:

```c
juu = msingi + 16384 - 512 * (rangi++ & 7);
```

Hatua ya baiti 512 ni mistari 8, inayofunika ile 6 na ziada kidogo ya fremu za C. Rangi 8 × njia 2 = steki 16 kabla ya kugombana L1; kwa L2 hesabu inapanda kutoka 64 hadi 512, zaidi ya kazi tulizonazo. Hasara ni hadi baiti 3,584 za steki, zinabaki 12,800. Kabla ya kuiwasha tulijaza steki zote 0xA5 na kuendesha majaribio yote ili kuona kina kilichofikiwa. Fanya hivyo kwanza, maana steki inayofurika kwenye rangi ya 7 tu ni hitilafu ngumu kuikamata.

Kaunta ya `rangi` inatumika badala ya namba ya kazi. Namba zinarudiwa kazi zikifa, na kundi la kazi zilizozaliwa pamoja lina mazoea ya kupata namba zinazoachana kwa 8.

Kilichovunjika: msimbo wa kufuatilia miito ya mfumo ulikuwa unaitafuta fremu ya mtumiaji kwa `msingi + 16384 - 272`. Kwa rangi 0 ulifanya kazi, kwa nyingine ulisoma takataka. Sasa kilele halisi kimehifadhiwa katika rekodi ya baridi. Msimbo unaopata msingi kwa kufuta biti 14 za chini za SP uko salama, kwa kuwa bloku haijahama.

Kumbuka pia kwamba L1 ya data ya A72 inaangalia anwani halisi, si pepe. Steki zetu ni KiB 16 mfululizo kwenye memori halisi. Kerneli inayojenga steki kwa kurasa za KiB 4 zilizotawanyika, kama Linux yenye VMAP_STACK, tayari ina rangi nne za kubahatisha, na faida yake itakuwa ndogo kuliko yetu.

0.6: viini vinne, na sanduku la barua

Kila kiini kina `struct foleni` yake. Swali ni kiini 0 kikitaka kuamsha kazi ya kiini 2. Njia ya awali ilishika kufuli la foleni ya mwenzake na kuandika humo: mistari 4 na wa kufuli inahamia kiini 0, kisha kiini 2 kinairudisha yote, mara nyingi katikati ya `chagua`.

Sasa foleni inaguswa na mwenyewe tu, na haina kufuli. Mgeni anaacha ujumbe sandukuni: maneno manne ya biti 64, biti moja kwa kila kazi, baiti 32. Mwamshaji anawasha biti kwa LDXR na STLXR. Kama neno lilikuwa sifuri anapiga DSB ISHST (kungoja maandishi yaonekane kwa viini vingine) na kuandika GICD_SGIR ili kumpigia mwenye sanduku interapti. Kama halikuwa sifuri, aliyemtangulia ameshapiga au yuko njiani kupiga. Mpokeaji anasoma GICC_IAR (kuipokea interapti) kwanza, halafu anabadilisha kila neno na sifuri na kuziingiza kazi mwenyewe. Ukigeuza mpangilio huo, ujumbe unaofika katikati unapotea. Bila DSB, interapti inaweza kufika kabla ya biti.

Sanduku liko peke yake kwenye mstari wake, baiti 32 zilizobaki zikiwa tupu, na zitabaki tupu. A72 ni ARMv8.0, haina amri za atomiki za LSE (zinazosoma na kuandika kwa hatua moja), na CTR_EL0 inaonyesha kwamba eneo la uangalizi wa LDXR ni baiti 64. Kiini kingine kikiandika chochote ndani ya eneo hilo, STXR inashindwa na kitanzi kinaanza upya.

Tumepoteza kitu: kazi zilizoamshwa kwa pamoja zinaingia foleni kwa mpangilio wa namba, si wa kuwasili. Ndani ya ngazi moja tu, na ndani ya kundi moja la sanduku. Kwa matumizi yetu inavumilika. Kwa anayetaka FIFO (wa kwanza kuja, wa kwanza kutoka) kamili kati ya viini, haifai.

Idadi ya kazi za kila kiini, inayotumiwa kuamua kazi mpya iende wapi, imewekwa kwa viini vyote vinne katika mstari mmoja. Ndiyo, viini vinne vinaandika mstari mmoja. Lakini kila kimoja kinaandika mara 1,000 kwa sekunde tu, na msomaji anazitaka zote nne kwa mpigo. Kuzitenganisha kungemgharimu mistari minne kila usomaji.

0.7: kazi zilizolala

Taima ya Raspberry Pi 4 inahesabu kwa 54 MHz. Biti 56 za hesabu hiyo zinatosha miaka 42, zinabaki biti 8 za namba ya kazi. Kwa hiyo wakati na namba vinaingia neno moja na kulinganishwa kama namba kamili ya kawaida.

Maneno 8 yanajaza mstari, basi hipu ya kazi zilizolala (mti wenye wakati wa mapema zaidi mzizini) ni ya watoto 8. Watoto wa `i` ni `8i+1` hadi `8i+8`. Ili wakae mstari mmoja, mzizi lazima uwe nafasi ya mwisho ya mstari wa kwanza, yaani baiti ya 56. Ukianzia baiti 0 kila kundi la watoto linakatika mistari miwili na faida yote inapotea. Kwa kazi 255 kuna ngazi tatu chini ya mzizi: mistari 4, dhidi ya ngazi saba za hipu ya watoto wawili. Ulinganisho unaongezeka, saba kila ngazi, ila wote ni CSEL (amri ya kuchagua kati ya thamani mbili) bila tawi. Nafasi tupu zimejazwa UINT64_MAX, hivyo hakuna kukagua mwisho wa safu. Kufuta taima kabla ya wakati kunategemea safu ya baiti 256 inayosema kila kazi iko nafasi gani kwenye hipu.

Yaliyo mezani

Rejista za vekta: V0 hadi V31 ni baiti 512, mistari 8, zaidi ya kila kitu kingine katika kubadili kazi. Kwa sasa zinahifadhiwa tu ikiwa kazi imezigusa, kwa mtego wa CPACR_EL1 (rejista inayozuia matumizi yake mpaka kerneli iruhusu). Kompaila lazima ipewe `-mgeneral-regs-only` kwa kerneli nzima, la sivyo GCC hutumia rejista hizo kunakili strakti na mtego unalipuka ndani ya kerneli yenyewe.

Raspberry Pi 5. Cortex-A76 ina L1 ya data ya KiB 64, njia 4: seti bado 256, njia bado KiB 16, kwa hiyo rangi zilezile zinafaa na uwezo unakuwa steki 32. L2 ni KiB 512 kwa kila kiini, na juu yake kuna L3 ya MiB 2 ya pamoja, hivyo kipimo cha baridi kitahitaji eneo kubwa kuliko MiB 2. LSE ipo, na sanduku litapunguzwa kuwa LDSETL moja (kuwasha biti) kwa kuamsha na SWPA moja (kubadilisha thamani) kwa kupokea. Kiraka cha hilo kinasubiri kigunduzi cha ID_AA64ISAR0_EL1 (rejista inayoonyesha amri ambazo prosesa inazo) kiingie kwanza, ili picha moja ya kerneli iwake kwenye bodi zote mbili.